Gari Lililokuzibia ni la Mwenye Duka

Mwenyekiti ahsante kwa nafasi. Wazee wangu shikamooni, mama zangu, wadogo zangu madereva mliojibana kule karibu na mlango nawaona, najua mmekaa hapo ili mkisikia bredauni imeanza kuvuta magari mtoke mbio. Nimepewa nusu saa niongelee kero ya maegesho Kariakoo, na nadhani aliyenialika alitegemea nije niwaseme machinga kidogo, niwaseme wale wa ushuru, mpige makofi tukale. Mtanisamehe.

Wengi mnanijua kwa duka la mapazia ila kabla ya hapo nimeendesha kirikuu miaka tisa hapa hapa, kwahiyo hii mitaa naijua nikiwa kwenye usukani natafuta pa kushusha mzigo, na naijua nikiwa kwenye stuli mlangoni namfokea mwenzangu we bwana hapa usipaki. Yale maneno niliyokuwa nafokewa ndo hayo hayo nikaja kuyatumia, hata sikubadilisha.

Ngoja niwape kisa. Kuna mama mmoja alikuwa mteja wangu, anatoka Morogoro na Probox yake, ni mtu wa kuchukua majora sio wa kuulizia bei. Siku hiyo kanipigia saa tatu asubuhi yuko Msimbazi, nikamwambia njoo mzigo upo. Saa tatu na nusu nikamwona anapita mbele ya duka, akanipungia mkono, nyuma yake guta linapiga honi, pa kusimama hakuna, akapita. Akaenda Aggrey, Swahili, Mchikichi, Sikukuu, sijui na wapi tena, akarudi, akapita. Mara ya tatu hakupunga mkono. Sasa pale kona kuna kijana ana ndoo ya rangi kaijaza zege na kipande cha bomba kimesimama katikati, mnazijua zile ndoo, akiona sura ya mgeni anaisogeza, "njoo mama njoo, kata kulia, kata yote, rudisha, acha hapo hapo", buku mbili. Mama wa watu akatoa. Hazijapita dakika kumi Canter ikaja ikasimama ubavuni pake, dereva kashuka na funguo zake kapotelea humo kwenye maduka ya jumla, na kijana wa ndoo ukimuuliza anasema mimi naangalia gari tu, Canter siijui.

Mama kafika dukani kalowa jasho hata salamu ilikuwa ya mkato, kanunua nusu ya alichokuja nacho kwenye karatasi, na mpaka saa nane mchana bado tumekaa naye kwenye stuli tunamsubiri mwenye Canter kama wafiwa. Alipokuja kuondoka saiti mira ya kushoto hakuna, wameshachomoa. Siku hizi mapazia anaagiza kwa WhatsApp kwa mtu mwingine, anatumiwa kwa basi. Sio kwangu.

Sasa muda wote ule mama anazunguka, mnajua mbele ya duka langu palikuwa na gari ya nani? Noah yangu. Nilifika nayo saa moja asubuhi na inatoka pale saa kumi na mbili jioni, ushuru nalipa, kontroo namba ikija nalipia kwenye simu najiona raia mwema kabisa. Ubavuni kwake kuna Prado ya jirani yangu, mbele ya Prado kuna IST ya binti anayeuza duka la vipodozi, na mbele ya hiyo IST kuna gari bovu halina hata tairi la mbele, mwenyewe ameweka tu kulinda nafasi. Yaani mtaa mzima mliopaki ni sisi wenye mtaa, mteja anazunguka anatutafuta na sisi tumemkalia nafasi yake tunalalamika biashara ngumu.

Nilipiga hesabu usiku ule, sikulala vizuri. Saa moja mpaka saa kumi na mbili ni masaa 11, ambayo ni dakika 660. Mteja anayejua anachotaka anatumia dakika 45, anapakia anaondoka. Hiyo nafasi moja ingeweza kupokea wateja 14 kwa siku na mimi nimempa mtu mmoja, naye hanunui kitu, ni mimi mwenyewe.

Naskia mzee hapo mbele kasema barabara nyembamba. Ni kweli mzee wangu, wala sibishi. Hii mitaa haikuchorwa kwa ajili ya magari. Wajerumani walipima viwanja vya watu weusi, vya nyumba za Kiswahili, chumba huku chumba huku na ukumbi katikati na ua nyuma, na Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916 ikawa kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, sisi tukaitamka Kariakoo (Nairobi nao wana Kariokor yao, jina ni moja). Mji wa watu waliobeba mizigo kichwani. Sasa chukua kiwanja cha nyumba ya vyumba sita, kipandishe ghorofa nane za maduka na stoo, halafu barabara ni ile ile ya mpagazi, unategemea nini? Na beizimenti ambazo kwenye ramani zilikuwa za magari tunajua wote leo zina nini. Zina mabegi, zina viatu, zina vyombo vya plastiki mpaka kwenye ngazi. Kila mita imepangishwa, na mwenye ghorofa hawezi kukuachia gari lilale bure mahali ambapo boksi linalipa kodi.

Na sio kwamba hatukuwahi kuwa na mtu wa kufikiria haya. Beda Amuli, mtanzania mwenzetu, alipochora lile soko kubwa lenye miavuli ya zege, lililofunguliwa mwaka 1975, mizigo aliitafutia pa kukaa chini, ndo ile sehemu tunayoiita shimoni. Mzigo ukae chini, watu wapite juu. Soko likaungua Julai 2021, tukalia wote, ila wazo lile tulikuwa tumeshalizika zamani maana sisi tumefanya kinyume, mzigo juu ya barabara na watu wapite ubavu ubavu.

Sasa sikilizeni hii, hii ndo iliyonifanya nikubali kuja kuongea. Mita ya kwanza ya kulipia paking duniani ilifungwa Oklahoma City, Marekani, mwezi wa saba mwaka 1935, senti tano kwa saa. Nilidhani serikali ilitaka hela. Kumbe wenye maduka ndo walikuwa wanalia, kwamba wafanyakazi wa mjini wanakuja asubuhi wanapaki mbele ya maduka mpaka jioni, mteja akija hana pa kusimama. Jamaa mmoja anaitwa Carl Magee, mtu wa magazeti, akapewa kazi ya kutafuta dawa kupitia chama cha wafanyabiashara, ndo mashine ikatoka. Lengo lilikuwa gari litoke, ukae saa yako umalize uende. Sisi mashine ya kudai hela tunayo, kwenye simu kabisa, ila mimi kwa masaa 11 nalipa na hakuna anayeniambia toka, na nikishalipa ndo najiona nina haki zaidi ya kukaa.

Kulikuwa na profesa mmoja wa chuo kikuu cha California pale Los Angeles, Donald Shoup, alikusanya tafiti 16 za miji iliyojaa, kuanzia 1927 mpaka 2001, akakuta kwa wastani magari 30 kati ya kila 100 yaliyokuwa yanatembea mjini hayakuwa yanaenda popote, yanazunguka kutafuta pa kupaki, na kila moja linazunguka kama dakika nane. Dakika nane! Mama wa Morogoro angesikia angecheka. Ushauri wake ulikuwa bei ipande mpaka kila mtaa ubaki na nafasi moja mbili wazi muda wote, basi. Hapa kwetu nafasi moja wazi ukiiona jiulize mara mbili, aidha kuna shimo la maji taka halina mfuniko au kuna ndoo ya zege imeibwa.

Najua mtaniambia nini nikisema sisi wenye maduka tuyaache magari yetu nyumbani. Mtasema hela ya jioni inatembeaje bila gari, nitapanda nayo mwendokasi? Hilo ni la kweli na mimi sina jibu zuri zaidi ya kuweka kwenye simu au benki mapema. Mtasema mwendokasi imejaa. Imejaa, mimi napandia Kimara nasimama mpaka Gerezani na kuna siku kifungo cha shati kimebaki humo. Mtasema na mizigo je? Mizigo ndo ina nafuu, tangu hili suala la soko kufanya kazi saa 24 lianze mwaka 2025 Canter inaweza kuja saa nne usiku ikashusha kwa raha zake, vijana wa kubeba wapo, taa zipo, kinachotushinda ni kumlipa mlinzi mmoja na kukaa macho siku mbili kwa wiki.

Basi mimi nikajitoa mhanga. Jumatatu moja nikaiacha Noah nyumbani, nikaja na mwendokasi, nikamwambia kijana wa dukani leo mbele pabaki wazi, mteja akija asimame apakie aondoke. Nikakaa kwenye stuli najisikia kama waziri. Saa mbili na robo, nageuka kuchukua chai, narudi, Prado ya jirani imetoka ilipokuwa, imesogea kwangu, na pale ilipotoka ameweka gari ya mke wake.

Mwenyewe yupo humu ukumbini, mstari wa tatu, kavaa kofia, anacheka. Hebu mpeni maikrofoni.