Bwate otomatike inateleza vitesi ya 3 na R: tunafungua, tunabadilisha disiki na sili

Karibuni, bandugu. Hapa kwenye meza tuko na bwate (sanduku la gia) ya A340 ya Toyota, ile ya vitesi (gia) 4 inayokuwa ndani ya Hilux Surf na Mark II za zamani. Goma ziko nyingi, usukani kuume, na ugonjwa wake mara nyingi unajionyesha gari likishaacha Sake na kuanza kupanda milima ya Masisi: mota inapiga kelele, gari haliendi.

Kabla ya kushika kle (spana), jua ni kipi kimekufa. Ndani kuna klachi kadhaa, yaani mafungu ya disiki na sahani yanayobanwa na pistoni kwa presha ya mafuta. C1 inafanya kazi kwenye vitesi zote za mbele. C2 inaingia kwenye ya 3, inabaki kwenye ya 4, tena inafanya kazi kwenye R, ya kurudi nyuma. Kwa hiyo ya 1 na ya 2 zikivuta vizuri, lakini ya 3 na R zinateleza, shida ni C2. R peke yake ikiteleza, angalia breki ya B3. Ikiteleza 1, 2, 3 na R lakini ya 4 ni nzima, hiyo ni C0.

Thibitisha kwa saa ya simu. Mafuta yawe na joto la nyuzi 50 hadi 80, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, mota iwe kwenye ralanti (inawaka bila kukanyaga mafuta). Toka N kwenda D: gari lishtuke kabla ya sekunde 1.2. N kwenda R: kabla ya 1.5. Pima mara tatu, ukipumzisha dakika moja kila mara.

Sasa mwaga mafuta, shusha kariteri (sinia ya mafuta ya chini), tazama sumaku zilizo ndani. Uji mweusi kidogo ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyonasa kwenye sumaku ni beringi, gia au sahani. Vya rangi ya shaba, visivyonasa, ni bushi zimekula.

Kutoa bwate: fungua kardani (shafti ya kwenda magurudumu), nyaya, mirija ya radiyateri, kisha bulo 6 za konvata (ngoma ya mafuta inayounganisha mota na bwate), moja moja kupitia tundu lake. Ya 4x4, transifa (bwate ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma) nayo inatoka. Bwate ikishatoka, usivute konvata bado. Sukuma hadi mwisho, pima kina kutoka ukingo wa kengele (mdomo mpana wa mbele wa bwate) hadi masikio ya bulo, andika kwa chaki. Namba hiyo tutaihitaji.

Geuza bwate, toa mwili wa valvu (bamba linalogawa mafuta) polepole. Springi za akumuleta (pistoni ndogo za kupunguza mshtuko) zinaruka na hazilingani, basi piga picha kila moja na tundu lake. Toa pampu ya mbele, bulo 7. Usiing'oe kwa turnevisi (bisibisi), inakwaruza alumini. Nyuma yake inafuata sehemu ya vitesi ya 4, kisha kishikizo chake chenye ringi. Chomoa pini ya ukanda wa breki, halafu C2 na C1 zinatoka pamoja.

Kamera isogee hapa. Toa ringi ya juu, pindua ngoma ya C2, disiki zinaanguka. Kwenye disiki nzima kuna namba zilizochapwa juu ya kitambaa chake. Hii, namba imefutika nusu. Hii nyingine imebaki chuma tupu, na inanuka kama ugali ulioungua. Hata namba ya disiki moja ikifutika kidogo tu, badilisha zote. Sahani za chuma zenye madoa ya bluu nazo tupa.

Wengi wanaishia hapo, na gari linarudi garaji. Disiki haikujiua. Bana springi kwa presi, toa ringi, kisha puliza hewa kwenye tundu la mafuta ili pistoni iruke. Gusa sili yake kwa ukucha: hii imekauka, haibonyei. Mafuta yalikuwa yanavuja hapo, presha ikapungua, disiki zikateleza hadi zikaungua. Weka sili mpya, uzipake mafuta ya bwate. Tikisa pistoni pia: kijigololi chake lazima kilie.

Disiki mpya zilale ndani ya mafuta dakika 15 kwa uchache. Zikiingia kavu zinaungua siku ya kwanza. Panga: sahani, disiki, sahani, disiki, mwisho ile nene, upande bapa ukiangalia disiki. Funga ringi, puliza hewa ya ba 4 hadi 8. Sikia: “tok!” moja, imekaza. Ukisikia “fsss” ndefu, sili imekatika wakati wa kuingiza. Fungua tena.

Kurudisha, beringi bapa zishike kwa vazelini, kamwe si grisi: grisi haiyeyuki, inaziba valvu. Kitambaa cha pamba nacho kikae mbali, nyuzi zake zinafanya vilevile. Pampu kaza kwa Nm 22, chujio Nm 10, kariteri Nm 7 tu.

Puliza mirija ya radiyateri kinyume cha mwendo wa mafuta, la sivyo uchafu wa zamani unarudi. Konvata izungushe ukisukuma hadi ile namba ya chaki irudi. Isiporudi usivutie kwa bulo, utavunja pampu.

Mimina lita 4 za Dexron III (mafuta ya bwate otomatike), washa, ongeza kidogo kidogo. Pitisha mkono wa gia P hadi L na kurudi P. Mafuta yakifika nyuzi 70 hadi 80, pima kwa kijiti cha mafuta mota ikiwaka, yawe kati ya alama mbili za HOT. Tafuta sakafu ya semanti, maana juu ya mawe ya volkano kijiti kinadanganya. Yakizidi, punguza: mafuta mengi yanatoa povu, na povu halisukumi pistoni.