Jinsi ya Kutunza Mkazo wa Mkanda wa Visu katika Trekta ya Bustani

Karibuni, watazamaji. Leo tunaishughulikia trekta ndogo ya bustani, ile inayobeba visu vya kukatia nyasi chini ya tumbo lake, na hasa tunautazama mkanda unaochukua nguvu ya injini na kuifikisha kwenye visu hivyo. Mkanda huu ukilegea, trekta huendelea kutembea na injini hunguruma vilevile, lakini nyuma yake hubaki mistari ya nyasi zilizolala bila kukatwa, mlio mkali husikika kila visu vinapoanza kuzunguka, na penye nyasi nzito hutoka harufu ya mpira unaoungua. Wengi wakiziona dalili hizo hushika spana na kuukaza mkanda papo hapo. Ninawaomba msifanye hivyo kabla ya kujua kilichoulegeza, kwa maana katika trekta nyingi za aina hii mkanda hukazwa na springi, na nati mnayoiona ni ya kurekebisha tu urefu wa springi hiyo.

Tuanze na usalama. Nimeiegesha trekta mahali palipo sawa, nimeviachisha visu kazi, nimefunga breki ya kuegeshea, nimezima injini na kuutoa ufunguo, kisha nimesubiri hadi ekzosi ikapoa. Sasa ninauchomoa waya wa plagi na kuupeleka mbali na plagi yenyewe. Injini yenye silinda mbili ina nyaya mbili, na zote huchomolewa. Hatua hii msiiruke hata kama kazi ni ya dakika tano, kwa sababu mkanda ukiwa umekazwa, kukizungusha kisu kwa mkono kunaweza kuizungusha injini pia. Vaeni glavu nene, maana kingo za visu hukata hata zikiwa zimesimama.

Ninaishusha deki, yaani lile sanduku la chuma linalofunika visu, hadi kimo chake cha chini kabisa, kisha ninafungua vifuniko vya puli, yaani magurudumu yenye mfereji yanayopitisha mkanda, kushoto na kulia. Tazameni kilichomo: nyasi kavu zimegandamana hadi chini ya mkono wa kukazia, kile kipande cha chuma kinachousukuma mkanda ili ukaze. Uchafu huu peke yake unaweza kuuzuia mkono usifike unapotakiwa kufika, mkanda ukabaki umelegea ingawa hakuna kifaa kilichoharibika. Ninausafisha kwa brashi na kijiti. Situmii maji ya kasi, kwani hupenya kwenye beringi na kuleta kutu.

Sasa sogezeni macho kwenye mkanda wenyewe. Umbo lake ni la kabari: upana uko juu na wembamba uko chini, nao hushika puli kwa mbavu zake mbili, si kwa tumbo lake. Mkanda ambao haujalika hukaa ndani ya mfereji wa puli huku mgongo wake ukikaribia kulingana na ukingo wa puli. Mkanda uliolika hupungua upana, huzama, na mwishowe tumbo lake hugusa sakafu ya mfereji. Ukifika hapo mbavu hazing'ati tena, na hakuna kiasi cha kukaza kitakachousaidia. Pitisheni kidole pembeni mwa mkanda kwa urefu wake wote. Mbavu zinazong'aa kama kioo zinaonyesha kwamba umekuwa ukiteleza na kuungua, nyufa zinaonyesha uzee, na nyuzi zilizochomoza ni ishara ya kuubadilisha leo hii. Dawa za kupaka ili mkanda ushike mimi sizipendekezi kamwe, kwa sababu hunasa vumbi na kuficha ugonjwa.

Tumefika kwenye sehemu ambayo ningependa muitazame kwa utulivu kuliko nyingine zote, yaani mkono wa kukazia. Ni kipande cha chuma chenye puli upande mmoja na ekseli fupi upande wa pili, nacho huvutwa na springi ili puli yake iusukume mkanda. Katika trekta yenye wenzo wa kuwashia visu, wenzo ndio unaoivuta springi, kwa hiyo mkanda huwa umelegea mpaka wenzo upelekwe mbele. Katika trekta yenye klachi ya umeme, yaani ile inayounganisha visu na injini kwa swichi, springi huvuta wakati wote. Tofauti hii ni muhimu sana: nimeshaona mtu akiukaza mkanda wa trekta ya wenzo huku wenzo umerudishwa nyuma, akidhani kwamba ule ulegevu wa kawaida ni hitilafu.

Nimeitegua springi kwa kulabu ya waya, uso wangu ukiwa kando ya njia yake. Ninausukuma mkono kwa vidole. Unapaswa kuzunguka kwa ulaini kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari yake, lakini huu wa kwangu unakwama katikati. Kutu imeingia kwenye ekseli yake, na kila mkanda unapolika kidogo, mkono haufuati tena ili kuufidia. Ninafungua bolti, ninaisugua ekseli kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, ninapaka grisi kiasi, kisha ninarudisha. Sasa unakwenda na kurudi bila kusita. Kasoro hii husababisha mikanda mizima kutupwa bure, nami huumia kila ninapoiona, kwa sababu tiba yake ni grisi ya ncha ya kidole.

Springi nayo ikaguliwe ikiwa imetolewa. Mizunguko yake ikiwa haivutwi na kitu inapaswa kugusana. Mkiona mianya kati yake, springi imenyooka na inahitaji kubadilishwa. Angalieni pia kulabu zake kama zimelika na kuwa nyembamba. Puli zizungusheni moja moja: inayokwaruza au kuyumba ina beringi mbovu, na puli inayoyumba huurusha mkanda nje hata ukiwa na mkazo sahihi.

Baada ya hayo yote ndipo tunagusa nati. Ninarudisha springi, ninahakikisha mkanda umekaa katika kila mfereji bila kujisokota, na injini ikiwa bado imezimwa ninapeleka wenzo mbele. Ninapima urefu wa springi kutoka kulabu hadi kulabu kwa rula, kisha ninalinganisha na kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha trekta, kwani kila muundo una kipimo chake. Vikitofautiana, ninageuza nati nusu mzunguko, ninarudisha wenzo, ninaupeleka mbele tena, ninapima upya. Kwa mashine isiyo na springi, ambayo mkanda wake hukazwa kwa bolti pekee, kanuni inayotumika sana ni kwamba mkanda ukibonyezwa kwa nguvu ya wastani katikati ya puli mbili uzame takriban milimita 16 kwa kila mita ya umbali huo. Basi penye sentimita 40 mtategemea kama milimita 6.

Msizidishe. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hulemea beringi za visu na shafti ya injini, na katika trekta ya wenzo kuna hatari kubwa zaidi, kwamba unaweza kuendelea kuviburuta visu hata baada ya wenzo kurudishwa. Ndiyo maana ninafanya jaribio hili: ninafunga vifuniko, ninarudisha waya wa plagi, ninakaa kitini, ninawasha visu, halafu ninavizima na kuhesabu. Visu vinapaswa kusimama ndani ya sekunde 5. Visiposimama, ninazima injini, ninachomoa waya tena, na ninaanza kutazama breki za visu pamoja na mkazo nilioweka.

Iwapo mmelazimika kuweka mkanda mpya, uwe na namba ileile iliyotajwa katika kitabu, kwa sababu tofauti ndogo ya urefu huimaliza safari yote ya mkono wa kukazia. Mkanda wa feni ya gari haufai hapa hata kama unaenea, kwa kuwa mkanda wa visu vya wenzo hulazimika kuteleza kidogo kila unapowashwa, na hutengenezwa kwa ganda la kitambaa linalostahimili hilo. Msiuingize kwa kuulazimisha kwa bisibisi, kwani nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana. Legezeni mkono wa kukazia kwanza. Vizuizi vya waya vinavyouzuia mkanda usitoke viacheni karibu nao bila kuugusa, mkivipima wenzo ukiwa mbele.

Mkanda mpya hulainika na kukaa vizuri zaidi katika saa chache za kwanza za kazi, kwa hiyo pimeni tena urefu wa springi baada ya kukata nyasi mara mbili au tatu. Na trekta ya wenzo inapohifadhiwa kwa miezi kadhaa, wenzo ubaki nyuma, ili springi na mkanda vikae bila kuvutwa.