Kujibonyeza Mwilini Kupunguza Uchovu Baada ya Matibabu ya Saratani ya Titi

Ndugu mtazamaji, uchovu unaobaki baada ya tibakemikali na mionzi si uvivu, na wapo wanaouchukua mwilini kwa miaka mingi. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake waliomaliza matibabu ya saratani ya titi, wakafundishwa kujibonyeza wenyewe kwa vidole sehemu maalumu za mwili, kila siku kwa wiki 6: uchovu wao ulipungua kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida peke yake. Kati ya mipango miwili iliyojaribiwa, ule wa kutuliza, ambao ndio ninaouonyesha leo, uliboresha pia usingizi, na kwa sababu hiyo naupendelea.

Mwone daktari kwanza, kwani huenda uchovu wako unatokana na upungufu wa damu, ambao una dawa yake. Usibonyeze mkono uliovimba baada ya upasuaji, penye jeraha, wala mguu wenye damu iliyoganda. Mjamzito asifanye zoezi hili.

Keti kitandani kabla ya kulala. Tumia nyama ya ncha ya kidole, si ukucha. Tazama kidole changu kwa karibu: ncha ya ukucha imebadilika kuwa nyeupe kidogo tu, na hiyo ndiyo nguvu inayotosha. Utahisi maumivu mazito yanayovumilika, yakichoma, legeza. Kila mahali pabonyezwe kwa dakika 3, huku ukizungusha kidole polepole.

Anza katikati ya nyusi. Kisha pitisha kidole nyuma ya sikio, uvuke mfupa uliojitokeza, hadi kwenye kibonyeo kilicho nyuma yake. Fanya hivyo pande zote mbili. Baada ya hapo geuza kiganja juu, utafute kishimo kilichopo kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Rudia mkono wa pili.

Mguuni ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tusiharakishe. Weka vidole vinne vilivyobanana juu ya mfupa wa kifundo, upande wa ndani. Pale kidole cha juu kinapoishia, nyuma tu ya mfupa wa muundi, ndipo penyewe, na mara nyingi panauma kuliko jirani zake. Rudia mguu wa pili.

Malizia upande wa juu wa wayo, si chini unakokanyagia, katika bonde lililo kati ya kidole gumba na cha pili, upana wa vidole viwili kutoka vinapoachana. Fanya hivyo miguu yote miwili. Zoezi zima huchukua karibu nusu saa. Ukichoka katikati, pumzika, kisha endelea pale ulipoachia.