Nyumba Iliyopinda

Asanteni. Itazameni picha hii vizuri, na msidhani projekta imekaa upande. Nyumba yenyewe ndiyo imepinda. Ni Little Moreton Hall, iko Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, imezungukwa na handaki la maji. Ukoo wa Moreton ulianza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500, na ukawa unaongeza vyumba kwa miaka kama mia moja.

Tuanze na ukuta, maana ukuta hapa haubebi kitu. Mzigo wote uko kwenye mifupa ya mti wa mwaloni: nguzo, boriti na mihimili ya mshazari. Katika ujenzi wa namna hii, nafasi zilizobaki huzibwa kwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo. Aliyekulia kwenye nyumba ya udongo na fito hahitaji nimweleze. Bibi yangu angekandika upande mmoja kabla ya adhuhuri.

Kazi kubwa iko kwenye viungo. Seremala wa zama zile aliuchonga mwaloni ukiwa bado mbichi, kwa sababu ukikauka unamaliza makali ya patasi. Ncha ya mti mmoja aliichonga ulimi, mti wa pili akautoboa tundu, akachomeka, akapigilia kigingi cha mbao. Si msumari. Fremu iliungwa kwanza ikiwa imelazwa chini, kila kiungo kikachorwa alama yake, ikafumuliwa, ndipo ikasimamishwa mahali pake. Mti ukaja kukaukia humo humo ndani ya nyumba, ukijikunja taratibu. Kwa hiyo mpindo kidogo ni jambo la kawaida.

Huu mnaouona si kidogo. Juu kabisa, ona mstari ule wa madirisha: huo ni ukumbi mrefu wa kutembelea, mita 21 hivi, kwa siku ambazo mvua haimruhusu mtu kutoka. Inaelekea wazo la kuuweka liliwajia ujenzi ukiwa umeshaanza. Na paa lake si la makuti wala bati, ni la vibao vya mawe! Sakafu za chini zikaanza kubonyea. Baadaye mihimili ya kukingamisha ikaongezwa kule juu ili kuta zisipasuke kwenda nje. Mimi ningemkatalia mteja huyo, lakini nani amkatalie mwenye shamba?

Rangi nyeusi na nyeupe msiiamini sana. Nyumba nyingi za aina hii zilipakwa weusi huo miaka ya 1800, kwa mtindo tu.

Slaidi ya mwisho ni ya uani, madirisha ya 1559. Juu yake mwenye nyumba, William Moreton, ameandikisha jina lake. Pembeni kuna jingine: Richard Dale, seremala, anasema ndiye aliyeyatengeneza kwa neema ya Mungu. Neno “seremala” limeandikwa kwa tahajia ya ajabu kidogo. Madirisha yenyewe yapo, na yanafungwa.