Dakika 200 na Vizibo 40: Mhadhara kwa Makocha wa Kikapu

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika 40, sawasawa na mechi ya vyuo vya Marekani, na sita tayari amezila yeye mwenyewe kwa kunitambulisha. Silalamiki. [Kicheko]

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili: upana wa kikosi haupimwi kwa idadi ya watu unaowachezesha. Wapo hapa wanaoweza kulisema badala yangu, na siku nikiugua nitawaita. Lakini kila Machi mashindano ya NCAA, ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, yakianza, simu yangu inajaa ujumbe ule ule: "Mwalimu, hawa wana kikosi kipana, watafika mbali." Kipana kwa kipimo gani? Ukimuuliza, kumbe amehesabu watu kumi walioingia uwanjani. Basi. Kuingia uwanjani hata mpiga picha huingia.

Naomba nianze na vizibo. Hivi hapa mezani ni vizibo 40 vya soda, nimeviomba kwa mama mwenye duka pale nje, akadhani nimeanza kukusanya vyuma chakavu. Kila kizibo ni dakika tano. Mechi ina dakika 40, uwanjani wapo watu watano, jumla dakika 200. Hakuna kocha aliyewahi kupata dakika ya 201 ila kwa muda wa nyongeza. Dada, wewe mwenye fulana ya bluu, njoo. Una wachezaji 12. Wagawie.

[Anagawa.]

Tazameni mkono wake. Nyota wake kampa saba, dakika 35. Wa pili saba. Wa tatu, wa nne na wa tano, sita sita. Vizuri. Wa sita kampa vinne, wa saba vitatu, wa nane kimoja. Vimekwisha. Sasa anawatazama wale wanne waliobaki, na uso wake umebadilika. Mnauona? Hiyo ni huruma. Anarudi kwa nyota, anachukua kimoja. Anampa wa tisa. Anarudi kwa wa pili... dada, endelea tu, sikuzuii.

Haya, tuhesabu. Nyota wake sasa ana vitano, dakika 25. Wa kumi ana vitatu, dakika 15. Dada, hii ni mechi ya kirafiki? [Kicheko] Ni fainali? Basi umechukua dakika kumi za mtu wako bora kabisa, ukampa kijana ambaye jana mazoezini alishindwa kuupitisha mpira katikati ya uwanja. Na mgawo wako wa kwanza, kabla huruma haijaingia, ndio huo huo ningegawa mimi: watu wanane. Keti, na usichukie, wanaume waliokutangulia kwenye meza hii walifanya vibaya zaidi.

Ninachokidai ni hiki tu. Usiniulize timu inachezesha wangapi. Niulize anayeingia ana upungufu gani kuliko anayetoka. Kama pengo ni dogo, chezesha hata kumi. Kama pengo ni kubwa, unagawana umaskini. Na katika vyuo vingi pengo linaanza kuwa kubwa kwa mtu wa nane au wa tisa, kwa sababu watoto wenye vipaji hawataki kukaa benchi, wanakwenda mahali watakapocheza.

Najua mtaniletea timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ya 2015. Nimekuja nayo mwenyewe, msihangaike. Kocha wao, John Calipari, alikuwa na vijana wengi wa kiwango cha juu kiasi kwamba alianza msimu akiwa na vikosi viwili vya watu watano, kikitoka kimoja kinaingia kingine chote. Karl-Anthony Towns, aliyekuja kuchaguliwa wa kwanza NBA mwaka huo huo, alikuwa akicheza dakika kama 21 kwa mechi. Devin Booker alikuwa anatokea benchi. Booker! Desemba Alex Poythress akaumia goti, ule mpango wa vikosi viwili ukapungua makali, lakini ushindi ukaendelea: mechi 38, hawajafungwa hata moja. Halafu tarehe 4 Aprili, Indianapolis, nusu fainali, Wisconsin wakawafunga 71 kwa 64. Wisconsin ile ya kocha Bo Ryan, yenye Frank Kaminsky na Sam Dekker, timu ya watu wachache wanaojuana.

Sisemi Kentucky walifungwa kwa sababu ya wingi wao. Mtu anayeshinda mechi 38 mfululizo humfundishi kazi. Ninachosema ni kwamba kocha aliyepata kikosi kipana kweli kweli, cha aina ambayo sisi hatutakipata hata tukifufuka mara mbili, hakukitumia kuchukua kombe. Na kombe lilikwenda kwa nani? Duke. Kocha wao, Mike Krzyzewski, alikuwa amemfukuza mchezaji mmoja Januari, akabaki na wachezaji wanane wenye ufadhili wa michezo, yaani wanaolipiwa masomo ili wacheze. Wanane, jamani! Wakamfunga Wisconsin 68 kwa 63. Siku hiyo Grayson Allen, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akicheza dakika chache msimu mzima, akatokea benchi na kufunga pointi 16, mechi ikiwa inawaponyoka. Allen alikuwa mmoja wa wanane. Alikuwa tayari kwa sababu mazoezini, ukiwa na watu wanane, hakuna mahali pa kujificha.

Mzee pale nyuma ameinua mkono. Naijua hiyo, mzee wangu: "Watachoka." Swali hilo naulizwa hata misibani.

Mchezo wa vyuo wa wanaume hausimami kwa filimbi ya mwamuzi tu. Unasimama kwa televisheni. Kila kipindi cha dakika 20 kina mapumziko manne ya matangazo: mpira ukisimama mara ya kwanza baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, kisha 12, kisha 8, kisha 4. Ongeza yale mapumziko ambayo makocha wenyewe wanaomba. Sasa kaa karibu na kocha mjanja umwangalie. Saa inasoma 12:40. Anamtoa nyota wake. Wewe unashangaa, mbona anamtoa na timu inakimbia? Sekunde 50 baadaye mpira unatoka nje, saa inasoma 11:50, matangazo. Nyota anakunywa maji, anafutwa jasho, anaelekezwa, matangazo yanakwisha, anarudi. Ameukosa mchezo kwa sekunde 50. Kwa saa ya ukutani amekaa zaidi ya dakika tatu. Fanya hivyo mara mbili kila kipindi: amecheza dakika 36 na zaidi, na amepumzika mara nne. Wale wanaosoma karatasi ya takwimu wanaona 36 wanalia, "anauawa huyu mtoto!" Karatasi haionyeshi matangazo ya bia na magari.

Na kama bado huamini, kamtazame Kemba Walker, 2011. Timu yake, Connecticut, waliingia mashindano ya Big East, ligi yao ya vyuo, pale ukumbi wa Madison Square Garden, New York, wakiwa wa tisa. Wa tisa maana yake unaanza siku ya kwanza kabisa. Wakacheza mechi tano katika siku tano, kuanzia tarehe 8 hadi 12 Machi, wakashinda zote. Kemba peke yake pointi 130. Kisha wakashinda sita nyingine wakachukua ubingwa wa taifa, wakiwafunga Butler 53 kwa 41. Sisemi kila kijana ni Kemba. Nasema miguu yenye miaka 20 ina mengi kuliko huruma zetu za kizee.

Lakini hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna mechi moja ambayo kila mtu huitumia kunipinga, na mimi huitumia kuwajibu. Wanaonijua wameshaanza kucheka. Syracuse na Connecticut, 2009, Garden hiyo hiyo, muda wa nyongeza mara sita. Ilimalizika saa 7 na dakika 22 usiku kwao. Huku Dar es Salaam ilikuwa saa 2 na dakika 22 asubuhi, Ijumaa, watu wameshafika kazini. Na Mdar mwenzetu alikuwa uwanjani, Hasheem Thabeet, futi saba na inchi tatu, mwaka ule aliokwenda kuchaguliwa wa pili NBA.

Nimeitazama rekodi yake mara ambazo sitaki mke wangu azijue. Dakika 40 zinakwisha 71 kwa 71. Eric Devendorf wa Syracuse anafunga, anapanda juu ya meza ya waandishi kushangilia, waamuzi wanaangalia televisheni: mpira ulikuwa bado mkononi saa ilipokwisha. Hesabu imefutwa. Muda wa nyongeza wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Katika zote hizo tano Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Walikuwa wanasawazisha tu, kama mtu anayelipa deni kwa mafungu. Makosa matano unatoka, sheria ya vyuo, na wachezaji wanane walitoka kwa makosa, timu zote mbili pamoja. Jim Boeheim, kocha wa Syracuse, mzee aliyezoea kuchezesha watu saba, akafika mahali akamwingiza mwanafunzi asiye hata na ufadhili wa michezo. Wa sita unaanza, Andy Rautins wa Syracuse anatupa ya pointi tatu, inaingia, Syracuse wanaongoza kwa mara ya kwanza tangu muda wa kawaida uishe. Mwisho 127 kwa 117. Jonny Flynn wao alicheza dakika 67 kati ya 70. Pointi 34.

"Unaona Mwalimu? Bila watu wa ziada wangeshinda?" Sawa kabisa! Lakini yule kijana aliingia kwa sababu nyumba inaungua, si kwa sababu ni zamu yake. Na alipoingia alijua asimame wapi kwenye zoni ya 2-3, ule ulinzi wa wawili mbele na watatu nyuma, maana alikuwa akiufanya kila siku mazoezini. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja: kujua. Flynn yeye aliendelea kucheza kwa sababu pengo kati yake na anayefuata lilikuwa kubwa kuliko uchovu wake. Kesho yake usiku wakawafunga West Virginia, tena kwa muda wa nyongeza. Jumamosi fainali, Louisville wakawapiga 76 kwa 66. Hapo miguu ilikwisha, nakubali, na nitakubali kwa mechi ya tatu baada ya dakika 70, si kwa Jumanne ya kawaida ya Novemba.

Mwingine ataniletea Grinnell. Chuo kidogo cha Iowa, wanabadilisha watu watano kwa mpigo karibu kila dakika, wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki. Nzuri, inafurahisha, na kila mwanafunzi anacheza. Tarehe 20 Novemba 2012 kijana wao Jack Taylor alifunga pointi 138 katika mechi moja. Haya, chuo kinachochezesha jeshi zima: Taylor alicheza dakika ngapi siku hiyo? [Kimya] 36. [Kicheko] Hata Grinnell wakitaka rekodi wanajua vizibo vipelekwe wapi.

Naona karatasi imefika, zimebaki dakika nne. Basi harakaharaka. Mtu wa nane usimchague kwa kipaji, mchague kwa nafasi anayocheza uwanjani. Ukiwa na warefu wawili tu, mmoja akipata makosa mawili dakika ya saba umekwisha, kwa hiyo wa nane awe mrefu wa tatu, hata kama hajui kutupa. Connecticut 2023, Donovan Clingan, mrefu wa akiba nyuma ya Adama Sanogo wa Mali, mkatazame. La pili, wachezaji wa akiba wanaohama: siku hizi mtoto asiyecheza anaondoka mwisho wa msimu bila kukaa nje hata siku moja... hilo ni la saa nzima, tuliache. La tatu nilitaka kumsema Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, pointi 30 na rebaundi 16 na bado Kentucky wakafungwa na Saint Peter's 2022, aliyewaumiza akiwa Doug Edert aliyetokea benchi na pointi 20. Tuliache pia.

Dada wa fulana ya bluu ana swali. Nilijua utalipiza.

Anasema: South Carolina ya wanawake, ya kocha Dawn Staley, 2024. Mechi 38 bila kufungwa, na fainali dhidi ya Iowa ya Caitlin Clark benchi lao lilifunga pointi 37, benchi la Iowa sifuri. Tessa Johnson, mwaka wa kwanza, akitokea benchi, 19.

[Makofi]

Mnampigia makofi mtu aliyenishinda? Haya. Sina ubishi. Mtu wa nane wa Staley angeanza kwenye vyuo vingine karibu vyote, kwa hiyo pengo halipo, gawa unavyotaka. Ndicho nilichosema tangu mwanzo, ila yeye amekisema kwa mfano mzuri kuliko wangu, na nitauiba. Lakini nionyeshe wewe benchi la namna hiyo hapa mjini, nami nitakuja kukubebea maji.

Mwenyekiti anasimama. Nimalizie kwa kukusanya mali ya watu. Nirudishieni vizibo, yule mama anavisubiri. Kumi, ishirini, thelathini... thelathini na tisa. Nani amekaa na dakika zangu tano?