Fuma skafu ya kumpoza mbwa wakati wa joto

Habari zenu, na karibuni tena. Watoto wako likizo, jua linawaka, na huyu bwana mnayemwona kalala sakafuni ulimi nje ndiye Simba, ndiye tunayemfumia leo. Tunafuma skafu ya pembetatu ya kroshia ambayo mkanda wake wa shingoni utapita ndani yake. Ukiilowesha maji, inampoza.

Niseme mapema kwa nini nasema kulowesha. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, lakini kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kutweta: maji yanakauka mdomoni na kwenye ulimi, na yakikauka yanaondoka na joto. Kitambaa kibichi shingoni kinasaidia kwa njia hiyohiyo. Skafu kavu haimpozi, ni kumvalisha nguo wakati wa joto. Ukitaka picha tu, mvishe kavu, piga picha, mvue.

Kwa hiyo uzi wetu lazima uwe wa pamba. Pamba inanyonya maji na kuyashika. Uzi wa akriliki, ule wa rangi kali unaong'aa, haunyonyi hivyo. Maji yanachuruzika yote na mbwa anabaki na kitu kizito kinachomuwasha. Uwekeni wa masweta.

Andaa uzi wa pamba wa unene wa kati, sindano ya kroshia ya milimita 4, sindano butu yenye tundu kubwa, mkasi, na futi ya fundi cherehani. Gramu 50 za uzi zinamtosha mbwa mdogo au wa kati. Mbwa mkubwa mwekee gramu 100.

Tunaanza na vipimo, na hapa waite watoto, maana mbwa akishikwa na anayemzoea hutulia. Zungusha futi shingoni pale mkanda unapokaa. Pitisha vidole viwili kati ya futi na manyoya. Vikipita bila kulazimisha, kipimo ni sahihi. Andika namba hiyo. Ukingo wa juu wa skafu yetu utakuwa nusu yake: shingo ya sentimita 40, ukingo wa sentimita 20. Pima pia upana wa mkanda wenyewe.

Sasa shika sindano. Funga kitanzi cha kuanzia, kisha fuma vinyororo 4. Rudi kwenye kinyororo cha kwanza kabisa, kile kilichogusana na fundo, na ndani yake weka mishono mirefu 2. Kwa anayeanza, mshono mrefu ni huu, tazama mkono wangu: zungushia uzi kwenye sindano, chomeka, zungushia tena, vuta. Una vitanzi 3. Zungushia, pitisha kwenye viwili. Zungushia, pitisha kwenye viwili vilivyobaki. Basi. Vile vinyororo 3 vya pembeni vinahesabiwa kama mshono mrefu mmoja, kwa hiyo mstari wa kwanza una mishono 3. Hiyo ndiyo ncha ya pembetatu.

Mstari wa pili: fuma vinyororo 3, geuza kazi. Weka mshono mrefu mmoja palepale vinyororo vinapoota, kwenye tundu lilelile. Halafu mshono mmoja kila tundu mpaka mwisho, na tundu la mwisho liweke mishono 2. Tundu hilo la mwisho ni kichwa cha vile vinyororo 3 vya mstari uliopita, na ndilo watu wanalolisahau. Hesabu: 5. Mstari unaofuata utakuwa na 7, halafu 9, halafu 11. Kila mstari unaongeza 2, kwa hiyo namba yako haiwi shufwa hata siku moja. Ukihesabu ukapata 12, kuna tundu umeliruka au umelirudia. Fumua mstari huo mmoja tu.

Kazi ya kuhesabu mpe mtoto. Wanapenda kumkamata mkubwa akikosea, na wewe unapata nafasi ya kufuma bila kunong'ona namba.

Simamisha video hapa, endelea mpaka ukingo wa juu ufikie kipimo chako. Kwa uzi na sindano hii, mistari 15 inakupa mishono 31, ambayo kwa mkono wa kawaida ni karibu sentimita 19. Lakini mkono wa mtu hutofautiana, wengine tunabana wengine tunalegeza, kwa hiyo uamini futi kuliko idadi ya mistari.

Umefika? Sasa tunatengeneza handaki la kupitishia mkanda. Acha kuongeza. Fuma kinyororo 1, geuza, na weka mshono mfupi mmoja kila tundu: chomeka, zungushia, vuta, zungushia, pitisha kwenye vitanzi vyote viwili. Endelea hivyo, mstari juu ya mstari, mpaka kipande hiki kilichonyooka kiwe mara mbili ya upana wa mkanda pamoja na sentimita 1 ya ziada. Mkanda wa sentimita 2 na nusu unahitaji kipande cha sentimita 6. Kata uzi, acha mkia mrefu mara tatu ya ukingo, uvute upite kwenye kitanzi cha mwisho.

Kunja kipande hicho kuelekea nyuma, ukingo wake ulale pale mishono mifupi ilipoanzia, na ushone kwa sindano butu kwa ule mkia. Pande mbili za ubavuni usizishone. Utanicheka, lakini kuna watu wamefunga handaki pande zote.

Mikia ya uzi iliyobaki ichomeke ndani ya mishono, nenda mbele, rudi nyuma, ndipo ukate. Usiache hata mmoja unaning'inia. Na tafadhali, msiweke vifungo, shanga, kengele wala vile vipira vya uzi. Najua vinapendeza. Mbwa atavitafuna.

Hili la uzi nalikazia. Uzi mrefu ukimezwa unaweza kunasa mahali, na utumbo ukaendelea kusukuma mpaka ujikunje na kuchanika. Ukiona uzi umetokeza mdomoni na umenasa, au umetokeza nyuma, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Ukinyanyuka kwenda hata kunywa maji, madonge na sindano viingie kwenye mfuko wenye zipu.

Tumemaliza kufuma, twende tukamvishe. Vua mkanda, ingiza ncha yake isiyo na kishikizo kwenye handaki, vuta. Lowesha skafu kwa maji ya kawaida ya baridi, si ya barafu, ikamue mpaka isichuruzike, mfunge. Vidole viwili tena. Iguse mara kwa mara. Ikikauka au ikipata joto, lowesha upya au mvue. Mahali penye unyevunyevu mwingi maji hayakauki haraka, kwa hiyo mweke kivulini penye upepo au mbele ya feni.

Kabla ya kutoka naye, weka mgongo wa kiganja chako chini kwenye lami kwa sekunde 7. Kama huvumilii, nyayo zake nazo zitaungua, ngojeni jioni. Skafu hii haimruhusu kukimbizana na watoto saa sita mchana, na haimlindi ndani ya gari lililofungwa. Mbwa wa pua fupi, kama pagi na buldogi, muwe nao macho zaidi kwa sababu kutweta kwenyewe kunawashinda. Mbwa yeyote akitoa mate mazito, akayumba, akatapika, au ufizi ukawa mwekundu sana, mtoe juani, mmwagie maji ya baridi mwilini, mpepee, na mumkimbize kwa daktari wakati mnaendelea kumpoza.

Kufua ni kwa mkono na sabuni isiyo na manukato makali, halafu ianike imelala. Ukiitundika ikiwa imejaa maji inarefuka, na handaki linapinda. Fuma mbili, moja ikiwa kambani nyingine iko shingoni.

Na kama mbwa wako anaing'ang'ania kuivua kwa makucha, mwache. Mwekee bakuli la maji kivulini, na hiyo skafu mtoto atapata doli wa kumvisha.