Nyumba ndogo isiyo na ngazi wala joto: vipimo vya kuamua kabla jamvi halijamwagwa

Wazee wangu, mafundi, na ndugu mliokuja na ramani zenu, karibuni. Leo tunajenga nyumba moja tu, tena kwenye karatasi. Ni nyumba ya vyumba viwili, isiyo ya ghorofa, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 huku kwetu pwani, iwe Dar es Salaam, Bagamoyo au Tanga. Atakayeishi humo ni mzee anayetembelea mkongojo leo, na miaka michache ijayo huenda akahitaji kiti mwendo. Tunataka apite kila mlango bila kubebwa, na alale usiku wa Februari bila kiyoyozi.

Karibu kila kitu kinachomsaidia mzee huyu hakina gharama kikiwekwa kwenye ramani, na kina gharama kubwa jamvi, yaani zege la sakafu, likishamwagwa. Mlango mpana zaidi kwa sentimita 10 unapunguza tofali. Kuupanua baadaye ni kuvunja ukuta, kukata linta, kununua fremu mpya na kurudia lipu.

Tuanze na jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba. Desemba linaegemea kusini kidogo, likiwa nyuzi 73 juu ya upeo. Juni linaegemea kaskazini, nyuzi 60. Maana yake kwa fundi ni hii: kuta za kaskazini na kusini zinakingwa na upenu wa paa, lakini ukuta wa magharibi haukingwi na upenu wowote, kwa sababu jua la alasiri linaingia kwa chini. Kwa hiyo nyumba yetu iwe ndefu mashariki kwenda magharibi na nyembamba kaskazini kwenda kusini. Tuipe mita 13.5 kwa 5.4.

Upenu nao una hesabu. Pima kutoka ukingo wa paa hadi chini ya dirisha. Upande wa kaskazini zidisha kwa 0.58, upande wa kusini kwa 0.3. Dirisha likiwa mita 1.8 chini ya ukingo wa paa, kaskazini unahitaji upenu wa mita 1.05 na kusini sentimita 54. Nyumba nyingi zinazojengwa sasa zina upenu wa sentimita 40 hadi 60 pande zote. Kusini unatosha ukifika 54, kaskazini hautoshi kabisa, na mwenye nyumba anaishia kufunga mapazia mazito yanayozuia hata upepo.

Sasa mpangilio. Kuanzia magharibi: bafu na stoo, upana wa mita 2.4, ili joto la alasiri liishie kwenye vyumba ambavyo hakuna mtu anayekaa muda mrefu. Kisha chumba cha mzee, mita 3.6 kwa 3.75, kikiangalia kaskazini. Kusini mwake ipite korido ya mita 1.2 inayotoka sebuleni hadi bafuni. Kisha sebule na jiko pamoja, mita 3.9, wazi kutoka kaskazini hadi kusini. Mwisho mashariki, chumba cha pili. Chumba cha mzee kimeelekea kaskazini kwa sababu: miezi ya joto kali ndiyo miezi ya upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Dirisha lake likiwa upande huo, upepo unamkuta kitandani.

Lakini upepo hauingii mahali usipoweza kutoka. Ukuta kati ya chumba na korido uwekewe tofali za matundu juu ya mita 2.1, urefu wote wa ukuta, na korido iwe na madirisha yake kusini. Eneo la kutokea liwe sawa na la kuingilia au kubwa zaidi. Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mtaa: dirisha la aluminiamu la kusukuma. La mita 1.5 kwa 1.2 unalilipia lote, ila linafunguka nusu tu, yaani mita za mraba 0.9, na wavu wa mbu uliojaa vumbi unakula sehemu nyingine ya upepo. Kwa chumba cha kulala chagua dirisha la bawaba au la luva, linalofunguka lote. Wavu uwe wa kutoa, uoshwe kila mwezi. Kizingiti cha dirisha kiwe sentimita 80 kutoka sakafuni, aliyekaa aone uani.

Nije kwenye jambo linalowagonganisha wajenzi wengi, nalo ni urefu wa msingi. Pwani tuna masika, maji yanasimama uani, kwa hiyo fundi anapandisha sakafu sentimita 45 juu ya ardhi, na yuko sahihi. Baada ya hapo anaweka ngazi tatu, na hapo ndipo mzee anapofungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sitawaambia mshushe msingi. Mafuriko hayana huruma, na mtu asiyeweza kukimbia ndiye wa kwanza kuhitaji sakafu iliyo juu. Jibu ni njia ya mteremko iliyopangwa tangu siku ya kupima kiwanja.

Mteremko wa 1 kwa 12 ndio mkali kabisa unaokubalika: kupanda sentimita 45 unahitaji mita 5.4. Mtu anayejisukuma mwenyewe kwa mikono atahangaika hapo. 1 kwa 15 ni mita 6.75, na hiyo ndiyo ninayopendekeza. Ukiwa na nafasi, 1 kwa 20 ni mita 9, na mteremko huo mtu hauoni kama rampu, ni njia ya kawaida ya kuingilia nyumbani ambayo hata mwenye ndoo kichwani ataipenda. Upande wetu mrefu wa kaskazini una mita 13.5, kwa hiyo njia ilazwe sambamba na ukuta, ifike kwenye veranda mbele ya sebule. Upana uwe mita 1.2, na juu na chini pawe na kipande tambarare cha mita 1.5 kwa 1.5 cha kugeuzia. Kwa mita 6.75, zege ya unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 0.8 hivi, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 5 hadi 6 ya saruji. Chini yake kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15. Kikimwagwa chote kwa mara moja, zege itapasuka masika ya kwanza.

Makosa matatu hapa. La kwanza, kuegemeza kifusi moja kwa moja kwenye ukuta wa nyumba. Udongo ukipita juu ya karatasi ya kuzuia unyevu iliyolazwa kwenye msingi, maji yanapanda ndani ya tofali na lipu ya ndani inamwagika. Acha uwazi wa sentimita 15 kati ya njia na ukuta, ujaze kokoto, maji yapite. Au jenga kiukuta cha pembeni kinachosimama chenyewe. La pili, kuweka marumaru juu ya mteremko ili upendeze. Marumaru yenye maji na mkongojo wenye kofia ya mpira iliyolika havipatani. Zege ikiwa mbichi, ikwaruzwe kwa ufagio mgumu kwa kukata njia, na paa la veranda lirefushwe liifunike ili isiote ukoga. La tatu, kusahau ukingo. Pande zote mbili ziwe na kingo za sentimita 10 kwenda juu, na kishikio sentimita 90 kutoka chini.

Veranda iwe usawa mmoja na sebule. Mtasema maji ya mvua yataingia. Hayataingia kama veranda ina mteremko wa 1 kwa 50 kwenda nje, na mbele ya mlango kuna mfereji mwembamba wenye kifuniko cha chuma cha matundu. Kizingiti kisizidi milimita 13, tena kilichokatwa mshazari.

Milango. Fremu ya sentimita 90 haikupi sentimita 90. Toa miimo miwili, toa unene wa mlango wenyewe ukiwa wazi, unabaki na 78 hadi 80. Kiti mwendo kina upana wa 60 hadi 70, na juu yake kuna mikono inayosukuma magurudumu, vidole vinachubuka. Agiza fremu za mita 1 nyumba nzima, na hasa bafuni, ambako mazoea yetu ni kuweka mlango wa sentimita 70. Vitasa viwe vya mkono wa kubonyeza, si vya duara. Mwenye baridi yabisi hawezi kuzungusha cha duara.

Bafu ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayowaumiza wazee. Ukubwa ni mita 2.4 kwa 2.4. Mlango uwe wa kuning'inia kwenye reli, usukumwe pembeni. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaomzuia mwokozi. Jamvi la bafu lishushwe milimita 50 kuliko vyumba vingine, kabla ya kumwagwa. Kwa nini 50? Kwa sababu mteremko wa 1 kwa 50 kwenye mita 2.4 unakula milimita 48. Ukilisahau hilo, fundi wa marumaru atalazimika kujenga kizingiti mlangoni ili maji yasitoke, na kazi yote imeharibika. Tundu la maji liwe kona ya mbali na mlango, chini ya bomba la mvua la kuogea. Marumaru ya sakafuni yawe madogo, ya sentimita 10, yasiyong'aa: madogo yanafuata mteremko, na viungio vyake vinashika mguu. Yale ya 60 kwa 60 hayapindiki, yanaacha madimbwi.

Choo kiwe cha kukaa, kimo cha sentimita 45 hadi 48. Katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni ni sentimita 45, na upande wa pili acha sentimita 90 wazi ili kiti mwendo kisimame sambamba. Chuma cha kushikilia kina kipenyo cha milimita 32 hadi 38, kimo cha sentimita 80 hadi 85, umbali wa sentimita 4 kutoka ukutani. Chuma hicho kitabeba uzito wa mtu mzima anayeanguka, kwa hiyo hakifungwi kwenye tofali la saruji kidogo. Wakati wa kujenga, mwaga mkanda wa zege kati ya sentimita 70 na 90 ukutani, ndipo boliti ziingie humo. Hata kama leo hakuna anayehitaji chuma, mwaga mkanda huo.

Swichi ziwe kimo cha mita 1, soketi sentimita 50. Meza ya jiko sentimita 80, na chini ya sinki pawe wazi magoti yaingie.

Tupande juu. Joto kubwa la nyumba ya pwani linatoka kwenye bati. Saa nane mchana bati jeusi au jekundu linapita nyuzi 60, na dari chini yake inageuka jiko la mkaa lililopinduliwa. Chukua bati lililopakwa rangi nyeupe au krimu. Chini ya papi, zile mbao zinazobeba bati, tandaza karatasi ya fedha, uso unaong'aa ukiangalia chini, karatasi ilegee kidogo ili ubaki uwazi wa hewa wa milimita 25 au zaidi. Ikigusana na bati au dari uso mzima, joto linapita kama haipo. Weka matundu ya hewa kwenye ncha zote mbili za paa, yenye wavu wa kuzuia popo. Dari iwe mita 3 kutoka sakafuni, feni izunguke juu ya mita 2.3. Ukuta wa magharibi utambaziwe pasheni kwenye fito, mbali na ukuta sentimita 30; block za saruji zilizochomwa alasiri nzima zinarudisha joto hilo hadi usiku wa manane.

Na umeme. Lengo ni kubaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi, kikomo cha D1, kundi la TANESCO la wateja wa majumbani wanaotumia umeme kidogo. Kwa siku: friji dogo uniti 0.8, taa nane za LED za wati 8 kwa saa 5, 0.32; runinga 0.24, pampu ya nusu hospawa kwa dakika 20, 0.12, pasi saa moja kwa wiki, wastani 0.14. Feni mbili za kawaida za wati 60 kwa saa 10 ni 1.2. Jumla 2.82, yaani karibu uniti 85 kwa mwezi. Tumevuka. Badilisha feni tu, weka za mota ya DC za wati 30, unashuka hadi 67. Hita ya papo kwa papo ya wati 4,500, watu wawili dakika kumi kila mmoja, inaongeza uniti 45 peke yake. Tangi jeusi lililokaa juani linatosha kwa maji ya kuoga ya pwani.

Kabla ya lipu, kata ubao wa sentimita 70 kwa 120, uweke magurudumu chini, uusukume kutoka getini hadi chooni na kurudi. Popote utakapokwama, sogeza ukuta siku hiyo hiyo. Bafu likishapakwa marumaru, mwaga ndoo mbili za maji mlangoni, usubiri dakika tano. Yakibaki madimbwi, fundi arudie kabla hujamlipa.

Aliyeleta ramani aisogeze hapa mbele, tuanze na upana wa mlango wa bafu.